Eko ya kupitia umio kwa kichanga aliye mezani: dalili, chanzo na la kufanya

Mtoto wa kilo 3 akiwa kwenye meza ya upasuaji wa moyo, nafasi iliyopo kati ya uti wa mgongo na moyo wake ni finyu mno. Umio umepita humo. Mbele yake lipo bomba la hewa, chini kidogo bronkasi ya kushoto (tawi la bomba hilo), kisha atria ya kushoto (chumba cha juu cha moyo), na pembeni inashuka aota, ateri kuu ya mwili. Ukipitisha probu ya ultrasaundi kwenye umio huo unapata eko, yaani picha ya moyo unaodunda, bila kumwondoa daktari wa upasuaji kwenye kazi yake. Lakini umeweka pia kitu kigumu mahali ambapo hapakuwa na nafasi ya ziada.

Ndiyo sababu nashikilia kanuni moja kwa nguvu zote: kwa kichanga, pumzi au presha ikibadilika ghafla muda mfupi baada ya probu kusogezwa, mshukiwa wa kwanza ni probu. Usikimbilie adrenalini. Nyoosha ncha, legeza magurudumu ya mpini yanayoikunja, rudisha probu nyuma kidogo, kisha tazama monita. Yote yanayofuata yamepangwa kwa dalili, kama zinavyojitokeza theta (chumba cha upasuaji), nami nawaandikia madaktari wa usingizi, wa eko na wauguzi wanaosimama upande wa kichwa cha mtoto.

Kabla probu haijaguswa

Matatizo mengi yangezuilika kwa maswali ya asubuhi. Je, umio wenyewe ni mzima? Umio ulioziba tangu kuzaliwa, au ulioungana na bomba la hewa na bado haujarekebishwa, haupitishwi probu. Vivyo hivyo umio uliotoboka. Kasoro hizi hupenda kuandamana na kasoro za moyo, kwa hiyo swali hili si la kujazia fomu. Mtoto mwenye ugonjwa wa Down asikunjwe shingo kwa nguvu. Mwenye pete ya mishipa inayozunguka bomba la hewa na umio tayari amebanwa, probu itazidisha.

Halafu ukubwa. Probu ya kawaida ya watoto yenye kioo cha kutoa mawimbi kinachozunguka ina ncha ya upana wa karibu milimita 10.7 na unene wa milimita 8, na watengenezaji huielekeza kwa watoto wa kuanzia kilo 3.5 hivi. Ile ndogo kabisa ina ncha ya milimita 7.5 kwa 5.5, na huelekezwa kwa kilo 2.5 na kuendelea. Tofauti ya milimita hizo chache ndiyo inayoamua siku yako itakavyokwenda.

Probu inakwama kooni

Chanzo cha kawaida ni kwamba umio haukuachwa wazi. Mpira wa tumboni bado umo, au kipima joto cha umio. Fyonza tumbo kwanza kwa mpira huo mpaka hewa iishe, ndipo uutoe. Kipima joto kihamishie puani au njia ya haja kubwa.

Chanzo cha pili ni pembe. Ncha ikiingia pembeni hujikita kwenye kijishimo kilicho kando ya zoloto, na hapo ukisukuma unasukuma nyama. Kichwa kiwe katikati, taya liinuliwe mbele, ncha ikunjwe kidogo tu kufuata mkunjo wa ulimi, na magurudumu yasifungwe. Mtu mmoja asiwe na kazi nyingine ila kushika mpira wa kupumulia kwa vidole viwili penye fizi. Ikikataa mara mbili kwa mikono laini, ya tatu ifanyike chini ya laringoskopu, kifaa chenye taa cha kuangalia koo, ukiuona mlango wa umio kwa macho. Ikikataa tena, acha. Ukuta wa umio wa kichanga ni mwembamba, na ukitoboka unaweza kumuua mtoto ambaye moyo wake umetengenezwa vizuri.

Mapigo yakishuka ghafla wakati wa kupitisha, mara nyingi ni neva ya vagasi, inayopunguza kasi ya moyo, imeguswa. Simama ulipo, yasubiri yarudi, na atropini iwe tayari kwenye sindano kabla hujaanza.

Hewa haiingii vizuri, oksijeni inashuka

Hapa kuna mtego unaowanasa hata wazoefu. Mashine ya kupumulia ikiwa kwenye mtindo wa ujazo, njia ya hewa ikibanwa presha ya hewa hupanda na kengele hulia. Lakini vichanga wengi hupumuliwa kwa mtindo wa presha. Hapo presha haipandi hata kidogo; kinachopungua ni ujazo wa kila pumzi, na kengele ya presha inakaa kimya. Kwa hiyo kabla ya kuingiza probu, soma kwa sauti ujazo wa pumzi ulivyo, na usome tena ikishakaa mahali pake. Kwa mtoto wa kilo 3 anayepata mililita 24, kushuka hadi 15 ni dharura, ingawa oksijeni ya kidoleni bado haijaonyesha chochote.

Mstari wa kaboni dioksaidi ya pumzi kwenye monita ndio unaokuambia pa kuanzia. Ukipotea kabisa, fikiri kwanza kwamba mpira wa kupumulia umetoka kwenye bomba la hewa, au umekunjika ukaziba. Weka laringoskopu mara moja. Ukiwepo lakini unapanda kwa mteremko badala ya kupanda wima, njia ya hewa imebanwa mahali fulani. Kama kifua cha kushoto hakinyanyuki, vyanzo ni viwili: mpira umesukumwa ukaingia bronkasi ya kulia, au ncha ya probu inaikandamiza bronkasi ya kushoto. Ili kutofautisha, nyoosha ncha. Ujazo ukirudi ndani ya pumzi chache, ulikuwa mkandamizo, na huenda ukaweza kuendelea na kazi kwa kukunja ncha kwa kiasi kidogo kuliko awali. Usiporudi, toa probu yote, kisha uukague mpira wa kupumulia na kuufyonza. Makohozi mazito hayana adabu ya kusubiri zamu yao, na huweza kuziba mpira saa ileile uliyosogeza probu.

Kwa mtoto mwenye ventrikali (chumba cha kusukuma damu) moja, au ambaye damu yake bado inachanganyika, mambo huchanganya zaidi. Kaboni dioksaidi ikipanda, mishipa ya mapafu husinyaa na oksijeni hushuka kuliko unavyotarajia kwa mkandamizo mdogo. Ukimwona anashuka, usiseme tu kwamba ni kawaida ya watoto wa aina hii.

Mstari wa ateri umelala

Mstari wa presha inayopimwa ndani ya ateri ukilala kwenye monita, uliza kwanza: ateri ipi? Kama mstari wa mkono wa kulia ndio uliolala, na wa mguuni, au alama ya oksijeni kwenye kidole kingine, iko vizuri, huenda mtoto ana ateri ya mkono wa kulia inayotokea upande wa kushoto na kupita nyuma ya umio. Probu imeikandamiza kwenye uti wa mgongo. Moyo hauna tatizo. Tatizo ni kwamba mmepoteza kipimo chenu. Eko ya kabla ya upasuaji ikionyesha mshipa huo, weka mstari wa ateri mahali pengine tangu mwanzo.

Ukilala wa mguuni peke yake, tazama aota inayoshuka, huenda probu imeibana.

Presha ikishuka kote, na presha ya atria ya kushoto ikipanda, ncha imekunjwa mbele ikaisukuma atria. Kukunja ncha mbele ndiko kunakoleta mkandamizo mkubwa kuliko mwendo mwingine wowote, na ndiko kunakohitajika ncha ikiwa tumboni unapotafuta njia za kutokea damu za ventrikali. Basi picha hizo zichukuliwe haraka, zirekodiwe, na ncha inyooshwe mara moja. Kuzijadili mtazijadili kwenye kioo cha mashine, ncha ikiwa imepumzika.

Kundi moja linataka tahadhari ya pekee: watoto ambao vena zote za mapafu zimeungana nyuma ya moyo badala ya kuingia atria ya kushoto. Kifuko hicho cha vena kiko mbele tu ya umio, na probu huweza kukifunga. Damu ya mapafuni inakosa pa kwenda, oksijeni inashuka, presha inafuata. Vituo vingine huchelewesha kuingiza probu mpaka mtoto awe kwenye mashine ya moyo na mapafu. Vingine humwachia daktari wa upasuaji aweke probu juu ya moyo wenyewe. Njia zote mbili naziona ni za busara. Isiyo ya busara ni kuingiza kwa mazoea.

Na usisahau kuuliza ng'ambo ya pazia. Mara nyingi jibu ni moja tu: "Nimeuinua moyo kidogo, subiri." Probu haikuhusika.

Picha ni mbaya au haipo

Ukungu mweupe ukiwa tumboni ni hewa. Kama hukufyonza tumbo mwanzoni, unalipia sasa. Kivuli cheusi chembamba kinachokatiza picha huenda ni mpira wa tumboni uliobaki kati ya ncha na moyo. Picha iliyojaa mistari na theluji ya rangi kila sekunde chache ni daiathemi, kisu cha umeme cha daktari wa upasuaji. Omba sekunde 10 za utulivu, hakuna daktari wa upasuaji anayekataa akiambiwa sababu.

Sehemu ya juu ya aota inayopanda, upinde wake, na mara nyingi ateri ya pafu la kushoto inapoelekea mbali, hazionekani vizuri kwa sababu hewa ya bomba la hewa na bronkasi imekaa katikati. Hapo usikaze mkono. Ultrasaundi haipiti hewani hata ukikunja ncha mpaka mwisho, na utakachopata ni mkandamizo bila picha.

Probu ndogo kabisa ina vipande vichache vya kutoa mawimbi, 32 tu, kwa hiyo usiitegemee ikupe picha ya dada yake mkubwa. Isaidie: punguza kina mpaka moyo ujaze kioo cha mashine, bana pembe ya picha, panda kwenye masafa ya juu, na sanduku la Dopla ya rangi, inayoonyesha mwendo wa damu, liwe dogo. Moyo unaodunda mara 150 kwa dakika hauwezi kufuatwa na sanduku la rangi lililofunika kioo kizima.

Mashine inatoa onyo la joto

Probu inayofanya kazi hupata joto, na mashine hukata mawimbi yenyewe ikivuka kiwango chake. Wakati mtoto yuko kwenye mashine ya moyo na mapafu, gandisha picha ili kioo cha probu kisitoe mawimbi, nyoosha ncha, acha magurudumu huru. Anapopozwa hadi nyuzi 18 au 20, ukuta wa umio hauna mzunguko wa damu wa kutosha kuondoa joto la probu, na tayari ana heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, mwilini. Saa mbili za probu iliyofungwa ikiwa imekunjwa zinaweza kuacha kidonda.

Moyo umerudi, presha haipandi

Hapa ndipo eko hii inapolipa gharama zake zote, na ndipo haraka inapoleta uamuzi mbovu. Picha ya dakika ya kwanza baada ya kutoka kwenye mashine haitoshi. Moyo ukiwa dhaifu, hata njia iliyobanwa itaonyesha mwendo mdogo wa damu, na valvu inayovuja itaonekana inavuja kidogo kwa sababu presha yenyewe ni ndogo. Subiri presha ifike karibu na ile ambayo mtoto ataishi nayo, ndipo utoe hukumu.

Anza na ventrikali ya kushoto kwa mkato wa mviringo ukiwa tumboni. Kuta zikigusana kila moyo ukikaza, mtoto hana damu ya kutosha; ombeni ujazo wa damu au maji, si dawa. Ventrikali ikiwa imejaa lakini inajikokota kote, misuli imechoka au kalsiamu iko chini. Hapo dawa za kusukuma moyo zina kazi. Ya kulia ikiwa imevimba na kuusukuma ukuta wa kati upande wa kushoto, tafuta presha ya mapafu au njia iliyobanwa.

Halafu kuna hewa iliyobaki ndani ya moyo. Utaona vitone vyeupe vinavyong'aa vikielea na kukusanyika juu kabisa. Kwa mtoto aliyelala chali, mlango wa ateri ya kulia ya moyo uko mbele, yaani juu, na hewa hupanda huko. Dakika chache baada ya kufungua aota, ventrikali ya kulia inalegea na kuvimba, na ECG (mchoro wa umeme wa moyo) ya upande wa chini inainuka. Hewa hii kwa kawaida hupita presha ikipandishwa na mashine ikiendelea kusaidia kwa muda. Mwambie daktari wa upasuaji unachokiona, aendelee kuitoa, na msimtoe mtoto mashineni kwanza.

Lakini kipande kimoja tu cha ukuta wa ventrikali ya kushoto kikiwa hakisogei baada ya upasuaji wa kubadilisha ateri kuu, usikiite hewa na kusubiri. Ateri za moyo zimetoka kuhamishwa. Moja inaweza kuwa imejipinda au kuvutika. Sema hapohapo, kwa maneno yasiyo na kigugumizi: ukuta upi, unasogeaje, tangu lini. Katika upasuaji huo hakuna taarifa ya eko yenye thamani kuliko hiyo.

Rangi inapita pembeni mwa kiraka

Tundu kati ya ventrikali limefungwa kwa kiraka, na bado unaona mstari mwembamba wa rangi. Mstari wa milimita 1 au 2 ni wa kawaida, na mingi hujifunga. Ukifika milimita 3 au zaidi, au ukiona zaidi ya mmoja, usibishane na rangi, ombeni damu ya kupima oksijeni. Chukueni kutoka vena kuu ya juu na kutoka ateri ya mapafu. Tuseme oksijeni ya damu ya ateri kuu ni asilimia 99, ya vena 65, ya ateri ya mapafu 82, na ya vena za mapafu tunaichukulia kuwa 99. Toa 65 kwenye 99 unapata 34. Toa 82 kwenye 99 unapata 17. Gawanya: damu ya mapafuni ni mara 2 ya ile ya mwilini. Kuanzia 1.5 hivi, timu nyingi hurudi mashineni. Punguzeni oksijeni ya mashine ya kupumulia iwe chini ya asilimia 50 kabla ya kuchukua damu, la sivyo hesabu itapotoka.

Baada ya kurekebisha Tetralojia ya Fallot, kasoro yenye tundu kati ya ventrikali na njia finyu ya damu ya kwenda mapafuni, swali ni njia ya kutokea ventrikali ya kulia. Kasi ya mita 3 kwa sekunde ni tofauti ya presha ya milimita 36 za zebaki, kwa kanuni ya mara 4 ya kasi ikizidishwa kwa yenyewe. Ila kutoka kwenye umio, miale ya Dopla hukutana na njia hiyo kwa pembe mbaya na kasi huonekana ndogo kuliko ilivyo. Sindano ya daktari wa upasuaji ndani ya ventrikali inasema kweli zaidi: presha ya kulia ikifika 0.7 ya kushoto au kupita, mazungumzo ya kurudi mashineni yaanze. Kabla ya hapo angalia kama ni misuli inayojikaza. Mchoro wa Dopla unaofikia kilele mwishoni mwa mpigo, ventrikali tupu na adrenalini nyingi, vyote vikikutana, jaribu kwanza kuongeza ujazo na kupunguza dawa.

Vena za mapafu zilizounganishwa upya zinapimwa kwa mwendo wa damu. Uliozoeleka hupanda na kushuka na mpigo. Usiokatika, wenye kasi ya juu, ni dalili ya mahali palipobanwa. Nyoosha ncha kabla ya kuandika hilo kwenye ripoti, kwa sababu probu yenyewe inaweza kubana vena na kukutengenezea ugonjwa usiokuwepo.

Presha inaporomoka kifua kikifungwa

Kwa kawaida probu isitolewe kabla mfupa wa kifua haujakutanishwa. Lakini moyo uliovimba baada ya saa kadhaa hauna nafasi, na probu iliyo nyuma inauongezea msongamano. Presha ikiporomoka, nyoosha au toa probu. Presha ikirudi, mmepata jibu. Isiporudi, tafuteni damu iliyoganda kuzunguka moyo, na kama haipo, kifua kiachwe wazi kwa siku mbili tatu. Hilo si kushindwa.

Hakuna probu inayomtosha

Upasuaji wa moyo kwa watoto unafanyika leo Dar es Salaam katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Nairobi katika Hospitali ya Mater, na Kampala katika Uganda Heart Institute, na popote pale probu ndogo kabisa ni kifaa cha bei kubwa kinachoharibika upesi. Mkiwa na ya kawaida pekee na mtoto ana kilo 2.8, msiilazimishe. Probu ya kifuani yenye masafa ya juu ivalishwe mfuko safi wenye jeli ndani, mimineni maji ya chumvi ya vuguvugu kuzunguka moyo, na daktari wa upasuaji aiweke juu ya moyo bila kuukandamiza. Inavuruga mapigo akikaza mkono, na inasimamisha kazi kwa dakika kadhaa. Lakini mara nyingi matawi ya ateri ya mapafu yataonekana vizuri kuliko kwa njia ya umio.

Probu imetoka na damu

Utando mwekundu kidogo kwa mtoto mwenye heparini hutokea. Damu inayoendelea, hewa chini ya ngozi ya shingo, hewa kifuani isiyo na sababu, au homa na tumbo kukataa maziwa siku zinazofuata, vinataka umio uchunguzwe kabla ya kuanza kumlisha. Waandikieni ICU (chumba cha wagonjwa mahututi) kwamba probu ilipita na kama ilipita kwa shida. Mara nyingi taarifa hiyo hupotea mlangoni.

Kisha probu yenyewe. Kagua ngozi yake yote kwa kidole na kwa macho, tafuta alama za meno na nyufa, pima uvujaji wa umeme, halafu iloweke kwenye dawa ya kuua vijidudu kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Suuza kwa maji mengi, ubadilishe maji, usuuze tena. Mabaki ya orthofthaladehaidi, mojawapo ya dawa hizo, yanaweza kuunguza mdomo na umio wa mtoto atakayefuata.